Tulienda Lubunga na Viti Vyetu Kichwani

Alhamisi, mjini Baraka, kando ya ziwa. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini mawingu bado yamekaa juu ya milima kama wageni wasiotaka kuaga. Ziwa limekuwa la kijivu. Mwanangu Alimasi amelala mgongoni mwangu na mimi naandika kwa dole gumba moja, nimesimama, maana nikikaa tu anaamka.

Naogopa.

Nimeliandika hilo neno, nikalifuta, nikaliandika tena. Ninyi mnaonisoma huku mmezoea niwaandikie habari za meno ya mtoto na za ndagala, dagaa zetu za ziwani, zilizokataa kukauka. Leo sina hizo. Kesho asubuhi natakiwa kupanda ile njia ya milimani, mimi na Mama Prezida, mpaka kwenye mto, tumpokee mwanamke mwenye mimba kubwa na kumshusha mpaka hospitali ya huku. Watu wa kwetu hawapiti njia ile tangu kiangazi, ilipofungwa kwa vita vyetu na watu wa milimani. Kaka yangu Etabo aliuawa pale pale, na waliomleta walimleta usiku, tukamzika bila kumwona uso.

Nianze mwanzo. Labda nikiupanga woga utapungua.

Kuna mama wa shirika moja alikuja kutufundisha. Alitukusanya kanisani, akatuambia mataifa ya dunia yalikaa na kukubaliana kwamba penye vita wanawake wasiachiwe kilio tu. Waketi na wao pale amani inapotafutwa. Azimio hilo lina namba, kumi na tatu ishirini na tano, na huku kwetu watu wanaitaja kwa Kifaransa, treize vingt-cinq. Akasema linatakiwa lifanyike kweli, hapa hapa kwetu Fizi, lisibaki kwenye karatasi. Wanawake wawe mezani.

Mama Prezida alinyoosha mkono. Huyu ni kiongozi wa kikundi chetu cha wanawake, muuza samaki, ana sauti ya kuita mtumbwi kutoka katikati ya ziwa ukaitika.

"Mama, ku meza gani? Huku hatuna meza. Tuko na lubunga."

Tulicheka wote, hata yule mama alicheka bila kuelewa.

Lubunga, kwa asiye wa huku, ni kibanda cha wanaume. Kiko wazi pembeni, moto katikati. Pale wanaume wa ukoo wanakula pamoja, na pale wanaamua mambo ya mashamba, ya mahari, ya ugomvi. Mwanamke anafika pale na chakula. Anapiga goti, anaweka sahani, anasalimu, anatoka. Tangu niolewe nimefika lubunga mara nyingi kuliko kanisani, na sijawahi kusikia mwisho wa sentensi yoyote ya pale.

Basi komite ya amani ikaundwa, na kwa sababu ya ile namba ilibidi wanawake wawemo. Wakamchukua Mama Prezida kwa sababu haogopi mtu. Mimi walinichukua kwa sababu nilifika mwaka wa kwanza wa sekondari na mwandiko wangu unasomeka. Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi mpaka nikafua kikwembe, kitenge changu kizuri, siku mbili kabla.

Mkutano wa kwanza ulifanyika kijiji cha chini ya milima, lubunga ya mzee wa pale. Wazee wawili wa watu wa milimani, wale wafugaji wa ng'ombe wanaosema Kinyarwanda, waliletwa na gari la askari kwa barabara ndefu ya kuzunguka. Walikuja na mwanamke mmoja, anaitwa Mama Rebeka.

Sasa sikilizeni ujinga wetu.

Hakuna aliyetuambia tulete chakula. Tulialikwa kama wajumbe. Lakini mimi na Mama Prezida tuliamka mapema, tukasonga bukari, ugali wetu, tukapika sombe ya majani ya mihogo na samaki, tukabeba vyungu kichwani mpaka pale, kwa sababu nani anaenda lubunga mikono mitupu? Tulipiga goti. Tuliweka vyungu. Mzee akasema, "Aksanti sana bamama, muko na mikono ya muzuri."

Na sisi tukatoka nje.

Hakuna aliyetufukuza. Miguu ilitoka yenyewe. Tulifika nyuma ya jiko ndipo Mama Prezida akasimama, akanitazama, akashika kiuno. "Ee Mama Alimasi! Si tuko bajumbe, siye?" Na pale kwenye kivuli cha jiko alikuwa ameketi Mama Rebeka. Yeye alileta maziwa kwenye kibuyu toka huko juu, akayaweka mbele ya wazee kwa heshima, na miguu yake nayo ikatoka.

Tulicheka watatu mpaka machozi. Kisha kicheko kikaisha na kila mmoja akakumbuka yule mwingine ni nani.

Mama Rebeka ndiye aliyeanza. Alimtazama Alimasi ananyonya, akaniuliza nilijifungulia wapi. Nikamwambia hospitali ya Baraka. Nikamwambia na yale ambayo siwaambii watu, kwamba baada ya mtoto kutoka damu ilikataa kusimama, na nilisikia wauguzi wakiitana kama wanaita kutoka mbali sana, na walinirudisha. Kutoka nyumbani mpaka hospitali ni mwendo mfupi wa taxi-moto, pikipiki ya kukodi. Ingekuwa ng'ambo ya njia ile, Alimasi angekuwa anamlilia mtu mwingine.

Ndipo akasema mkwe wake, Esperansi, yuko na mimba ya kwanza, mwili mdogo, na mkunga wa kule amempapasa akasema mtoto amekaa vibaya, hapa pataka hospitali. Kwa njia ya miguu, ile iliyofungwa, ni nusu siku. Kwa kuzunguka, mwenye mimba hafiki. Na gari la askari linakuja kwa ajili ya mikutano, haliji kwa ajili ya matumbo.

Sikumuuliza wale waliomuua Etabo walikuwa nani. Yeye hakuniuliza nani alichukua ng'ombe zao. Nilimpa mtoto amshike. Alimnusa kichwa, kama wanavyofanya wanawake wote.

Kabla hatujaondoka wanaume walituita ndani. Kwa ajili ya picha! Tukasimama katikati yao. Picha ile ikazunguka kwenye simu za watu Baraka nzima, imeandikwa kwamba bamama nao wameketi kwa ajili ya amani. Hatukuketi. Na walichokubaliana ndani kilikuwa habari za ng'ombe na za vijana kutotukanana. Njia haikutajwa hata mara moja.

Toka siku hiyo kwenye bomba la maji wananiita Mama Treize. "Mama Treize, na vingt-cinq uliiacha wapi?" Hao ndio wa utani. Wengine wanasema polepole nikipita, kwamba tumenunuliwa, kwamba tunauza damu za watu wetu. Hao hawachekeshi. Mmoja ni mtu tuliyelia naye msibani kwa Etabo.

Wiki iliyofuata Mama Prezida alikuja nyumbani na neno moja: mkutano wa pili hatupiki.

Ninyi wa mbali mtaona ni kitu kidogo. Kwa mama mkwe wangu ilikuwa kama nimesema nitaenda uchi. "Mu nyumba yangu hakuna mwanamke aliingia lubunga mikono mitupu. Unataka baseme sikukufundisha?" Nilijaribu kumweleza habari ya Esperansi. Akasema mimba za watu wa kule ziko na wenyewe. Halafu akasema, "Na njia ile umesahau ilikula nani?" Toka hapo akaacha kunisemesha. Anachukua mtoto, ananirudishia mtoto, basi.

Baba Alimasi ni mvuvi, kutwa yuko mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Hakunikataza. Alisema tu, "Ku mwalo bananiita Bwana Treize." Alikuwa anashona wavu, akaushona vibaya, akaufumua, akaanza upya.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Tulienda na viti kichwani. Vile viti vifupi vya jikoni, unavyokalia ukichambua sombe. Mama Prezida alibeba viwili, kimoja cha mgeni. Watu njiani walidhani ni vyungu, wakatupisha kwa heshima. Tulimkuta Mama Rebeka nje, tukampa kiti chake, akakitazama, akakishika kifuani kama mtoto. Tukaingia. Tukaweka viti chini. Tukakaa.

Wanaume wote wakageuka kututazama.

Mwanaume mmoja wa nyuma akasema, "Leo tutakula nini? Tutakula viti?" Wakacheka. Hata mzee mmoja wa milimani alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitaka ardhi inifunike. Mwenye lubunga hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyetukanwa kwake, "Bamama. Chakula iko wapi?"

Mama Prezida alijibu akiwa amekaa. "Mzee, chakula iko mu shamba. Na shamba iko kule njia mulifunga. Mihogo inaoza ku udongo, na ile tulipika mara ya kwanza tulikopa ku majirani. Fungua njia, Mzee, nitakupikia mimi mwenyewe mpaka uombe maji."

Wale waliocheka wakaacha. Kwa sababu ni kweli, na kila mmoja pale ana mke ambaye shamba lake liko juu kule. Mzee akasogeza kuni kwenye moto. Halafu akasema, "Semeni."

Ndipo Mama Prezida akanigusa kwa kiwiko.

Sijui nilisema vipi. Mikono niliikalia. Nilisema kuna mwanamke huko juu mtoto amekaa vibaya tumboni. Nilisema mimi nilivuja damu nikapona kwa sababu njia ilikuwa wazi. Nilisema kaka yangu ni Etabo, mnamjua, mlimbeba, na mimi sitaki njia ile imle na huyu ambaye hata bado hajazaliwa. Mama Rebeka alikuwa anafunika uso kwa kitambaa.

Kisha yule wa viti, yule yule mchekeshaji, akauliza bila utani, "Na ni nani atapanda kumupokea? Hakuna mwanaume wa hapa atapita kule. We utaenda?"

"Mi ntaenda."

Lilitoka tu. Kama vile miguu ilivyotoka siku ile ya vyungu, jana ni mdomo. Nilisikia Mama Prezida akivuta pumzi, halafu akasema, "Na mimi."

Wakakubaliana. Ijumaa asubuhi mpaka jua la utosini, njia iko wazi kwa wanawake tu. Asionekane mwanaume hata mmoja, wa upande wowote. Wazee wa kwetu watatuma neno kwa vijana walioko porini, wazee wao nao kwa vijana wao. Mama Rebeka atamshusha Esperansi mpaka kwenye mto, sisi tutavuka tumchukue. Na tuimbe njia nzima, kwa nguvu, ili wenye bunduki wasikie toka mbali ni wanawake.

Kila mtu alinipa mkono. Mzee mwenye lubunga pia alinipa mkono, mara ya kwanza tangu niolewe. Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Nilikuwa na furaha mpaka kwenye mlango wa nyumba, na pale pale ndipo woga ulinishika, na haujaniachia.

Neno limetumwa. Limefika? Siku aliyouawa Etabo pia wazee walikuwa wametuma neno. Vijana wale wana njaa, wana bangi, wengine hawana hata mzee wanayemjua. Mtu mmoja tu asiyesikia anatosha. Mama Prezida, ambaye nilidhani haogopi kitu, alinipigia asubuhi akasema, "Mwanangu, banaume batatoa njia, lakini miguu ni yetu. Mambo ikiharibika, utasikia, bamama ndio balitaka." Kisha mtandao ukakatika.

Nimewafikiria wale wakubwa waliokaa mbali wakaliandika azimio. Sidhani waliona mtu kama mimi, na maziwa yanavuja kwenye blauzi, anaulizwa "we utaenda?" Sidhani waliona mto. Sina hasira nao. Bila namba yao Mzee asingetuita hata kwa picha. Ila ningependa mmoja wao ajue kwamba kuketi tulikuja na viti vyetu wenyewe, na kwamba baada ya kuketi, kuna kutembea.

Na kuna jambo naona haya kuliandika.

Asubuhi mvua ilipoanza, niliomba iendelee. Nilipiga goti kabisa, kando ya kitanda, nikamwomba Mungu mto ujae kesho usivukike, ili isiwe mimi niliyekataa. Nilikuwa bado kwenye goti simu ikalia. Mama Rebeka. Huko juu wanapanda kilima kutafuta mtandao, kwa hiyo alikuwa kwenye mvua, nilikuwa naisikia ikimpiga. Akasema, "Tumbo imeshuka. Hawezi tena kulala wala kukaa." Nikasema, mama, mvua. Akasema, "Mvua tunaijua, mwanangu. Mutakuja?"

Ningeweza kusema tuone. Watu wengi huku wanaishi kwa tuone.

Nikasema tutakuja.

Sikuinuka mara moja. Nilibaki pale, na sikuongeza ombi lolote, maana sikujua tena niombe nini.

Alimasi namwacha. Hilo nimeliamua na linaniuma kuliko yote. Ana miezi saba, hajawahi kukaa asubuhi nzima bila mimi. Baba yake leo hakwenda ziwani, amekaa mbele ya nyumba anachonga kitu ambacho sio kitu, ni kijiti tu kinaisha. Tulizungumza kidogo. Alitaka kuja, nikamkumbusha wanaume hawaruhusiwi. Akasema, "Basi mi ntakaa ku mwanzo ya njia." Nikasema kaa. Akasema, "Ntakuwa na taxi-moto pale, na mafuta ndani." Huyu ndiye mtu wangu. Hakusema usiende, na hakusema usiogope.

Mama mkwe sikujua niseme naye vipi kuhusu mtoto. Mpaka mchana nilikuwa bado natafuta maneno.

Sasa niwaambie kilichotokea muda si mrefu, ndiyo maana nimeandika.

Nilikuwa hapa uani nafikiria ule wimbo. Tumechagua pambio moja ambalo Wakatoliki na Waprotestanti wote wanalijua, la huku na la huko juu, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Mama Prezida sauti yake imekauka tangu jana kwa kukohoa, kwa hiyo mwanzishaji ni mimi. Nikajiambia jaribu, jaribu sasa hivi, usije ukafika kule ukafungua mdomo ukatoka upepo.

Nikaanza. Ilitoka sauti ya paka. Alimasi mgongoni akashtuka. Nikaanza tena, mstari wa kwanza wote, nikanyamaza pale ambapo wengine wanapokea, kwa sababu hapakuwa na wengine.

Na kutoka jikoni mtu akaitikia.

Ile sauti nzito ya chini, ya wanawake wa zamani wa kwaya. Hakutoka nje. Nilikuwa naona moshi tu. Nikaimba mstari wa pili kwa shida, akaitikia. Wa tatu. Tulipomaliza, nikasikia mwiko ukigonga chungu, halafu mama mkwe wangu, ambaye hajanisemesha tangu yale ya kutopika, akasema toka humo humo ndani:

"Pandisha sauti. Vile hawatakusikia." Halafu kidogo, "Mutoto ntamupa uji. Ukamue maziwa kwenye kikombe, ufunike."

Nimekaa chini. Alimasi ameamka, ananivuta nywele, simwambii aache.

Woga haujaondoka. Bado uko hapa, chini ya mbavu, na nadhani kesho nitapanda nao. Lakini nimejaribu tena pambio mara nyingi, na sauti imeanza kufunguka. Tukifika kwenye mto nitasimama pale sauti inapovuka maji vizuri, nitaanzisha kwa nguvu zote nilizonazo, halafu nitanyamaza pale pa kuitikia.

Ng'ambo ile, nani atapokea?